Mwalimu Aliyekubali Bei ya Kwanza

Katika miaka yote niliyomjua Mwalimu, nilimwona akikubali bei ya kwanza mara moja tu. Kabla ya hapo wauza viazi walimjua, wauza mkaa walimjua, na kinyozi wa ghorofa ya chini alianza kuhema akisikia fimbo yake mlangoni. Kwenye nyanya ndiko alikokuwa hatari zaidi. Ananyanyua moja, anainusa pale penye kikonyo, anairudisha polepole kama mtu anayerudisha posa, halafu anasema, "Hii ilichumwa na mtu mwenye haraka."

"Mzee, unanunua nyanya ama unaoa?" mama wa nyanya anamuuliza.

"Kuoa nilioa mara moja, na hata huko niliomba wapunguze."

Mimi ni mtu wa biashara, kwa hiyo nayasema haya kwa heshima. Nauza laptopu zilizotumika hapa Nakuru, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi huyo na duka la spea za magari, na nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili: chaja, skrubu, hata vikombe nikikaribisha wageni. Mambo ya bei nilijifunza kwa Mwalimu. Yeye alidhani ananifundisha kuandika programu za kompyuta. Nilikaa darasani kwake kwa muda wa kutosha kugundua kwamba mashine nazipenda zaidi zikiwa zimezimwa na zina mnunuzi. Siku niliyomwambia naacha, nilitarajia mahubiri. Alisema tu, "Hukufeli. Umehama. Ukipata kibodi nzuri, niletee kabla hujampelekea mjinga mwingine."

Mwalimu alikuwa haoni. Ningeanza na hilo, lakini yeye angependa lije mwisho kabisa, na ikiwezekana lisije. Macho yalimwacha kidogo kidogo, na kila yalipoondoka kidogo, aliongeza maringo kidogo. Ukiingia darasani anakwambia, "Naona leo umevaa nyekundu." Ilikuwa nyekundu kila siku. Ukimwambia ni bluu, anasema taa ya chumba hiki ni mbaya, mwenye jengo abadilishe glopu. Ukafika wakati wanafunzi wote tukaanza kuvaa kitu chekundu siku za darasa, hata kama ni soksi, ili mzee asikosee. Hakuna aliyeitisha kikao. Tulijikuta tu tumefanya, na kila mtu akajiona muungwana.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la spea. Lilinuka grisi kutoka chini na, upepo ukigeuka, ngano iliyosagwa kutoka upande wa viwandani. Miezi ya ukame vumbi liliingia hata dirisha likiwa limefungwa, na Mwalimu alilifuta kwenye kibodi kwa brashi ya kunyolea aliyompokonya kinyozi baada ya mabishano ya wiki nzima.

Mwenye jengo na mwenye duka la spea alikuwa mtu mmoja, mzee wa Kisikh tuliyemwita Bwana Spea, ambaye Kikuyu chake cha sokoni kiliwashinda wateja wake wengi. Hakuwa na nafasi ya kutosha dukani, kwa hiyo mzigo wake ulipanda ngazi pamoja na sisi. Asubuhi ilianza kwa sauti ya Mwalimu:

"Nani ameweka giaboksi kwa ngazi?"

"Mwalimu, hiyo si giaboksi. Hiyo ni difu, inakaa kwa ekseli ya nyuma."

"Mguu wangu haujui tofauti."

"Basi mguu wako haujasoma."

Saa nne walikunywa chai pamoja kama ndugu. Hapo ndipo ungeona jinsi Mwalimu alivyojipinga mwenyewe. Alitufundisha subira kutwa nzima, lakini chai hakuweza kuingoja ipoe. Aliimeza ikiwa moto, ikamchoma, akaitukana, akaomba nyingine. Alichukia mtu anayechanganya Kiswahili na Kiingereza, ila matusi yote aliyatoa kwa Kiingereza, akisema ni ya ugenini hivyo hayahesabiwi. Kusifu alibana. Kazi ikiwa mbaya alisema mbaya, ikiwa nzuri alisema "endelea," na kuna watu wazima mjini hapa, wenye ofisi na vitambi, ambao bado wanakumbuka siku waliyoambiwa endelea.

Sasa, kompyuta yake. Nitaeleza polepole kwa sababu kisa chote kimekaa hapo.

Mwalimu alitumia kihariri cha kizamani, ile programu ambayo mtu anaandikia programu nyingine: maandishi matupu, hakuna picha, hakuna cha kubofya. Aliishi ndani yake jinsi watu wengine wanavyoishi ndani ya simu. Humo aliandika, humo alisoma barua, na humo ndimo alimoziendesha programu za wanafunzi. Unampa kazi yako, anaiwasha bila kutoka kwenye kihariri, majibu yanamiminika kwenye ukurasa, na sauti ya mashine inamsomea. Sauti hiyo aliiita Karani.

Karani alizaliwa Mwingereza. Akikutana na neno la Kiswahili alijikwaa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kwa hiyo Mwalimu, zamani kabla sijamjua, aliandika kipande cha programu cha kukaa katikati: kinapokea kile ambacho kazi ya mwanafunzi inatoa, kinageuza tarakimu na alama kuwa maneno ambayo Karani anaweza kutamka, halafu kinampa asome. Kipande hicho alikiita Kaunta, kwa sababu ya duka la chini. Programu ya mwanafunzi aliiita Stoo. Stoo inatoa mzigo, Kaunta inaupanga, Karani anamsomea mteja. Ukishajua biashara ya spea, umeshajua kompyuta ya Mwalimu.

Na Karani alisoma kwa kasi ya kutisha. Mgeni akiingia alidhani kicheche kimeingia kwa kuku. Mwalimu alisikia kila neno. Katikati ya kelele zile anainua kidole: "Hapo. Umesahau kufunga mabano." Ukiangalia, kweli umesahau.

Kitu chochote kikienda polepole, watu wanauliza kina shida gani. Mwalimu aliuliza swali lake moja: "Nani anamngoja nani?" Aliliuliza kwa programu, aliliuliza benki, aliliuliza hospitali. Maji yalipokatika kwenye jengo, wapangaji walisimama uani wakilaani. Yeye alishuka na fimbo yake, akauliza. Tangi linangoja pampu. Pampu inangoja fundi. Fundi yuko wapi? Yuko dukani, amekaa kwenye ndoo, anamngoja Bwana Spea amtafutie washa, ile pete ya mpira ya pampu. Na Bwana Spea? Yuko uani na wapangaji, analaani, anamngoja fundi. Mwalimu alimshika kila mmoja mkono akawakutanisha kama bwana na bibi harusi. Maji yakaja.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa vumbi, alikuja kibandani kwangu mwenyewe, ameikumbatia laptopu yake kifuani.

"Mwalimu, sasa?"

"Sasa. Nipe bei ya hii."

"Unataka kubadilisha?"

"Nataka kuuza. Mwisho wa mwezi nafunga darasa."

Mdomo wa mfanyabiashara unajua kazi yake hata mwenyewe akiwa ameshtuka. Nikataja bei ya kuanzia, ile ambayo haikusudiwi kukubaliwa na mtu yeyote. Ni hodi tu.

"Sawa," Mwalimu akasema.

Nilingoja. Nilidhani sentensi haijaisha. Kinyozi, aliyekuwa anasikiliza kama kawaida yake, alizima mashine ya kunyolea. Mteja wake akabaki na nusu ya kichwa.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Ni kichwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kimekuwa kizito. Karani anasoma na mimi nangoja maneno yafike. Mwanafunzi, kwenye mashine yake, anauliza cha mstari wa chini, mimi bado niko wa juu. Sasa hata wao wananiongelesha polepole, kama mtu aliyelazwa. Hao ni watoto wa watu. Siwezi kuwachelewesha."

"Umewauliza?"

"Mtu anauliza mambo kama hayo?"

Nikamwambia ukweli wa kibiashara: sinunui mashine kabla ya kuijaribu, na mimi hujaribu mara mbili. Tukapanda. Nilimwongoza kupita difu.

Darasani walikuwepo wawili. Chebet, msichana wa kutoka upande wa Molo, ndiye aliyekuwa mkubwa wa darasa: mpole, mwenye sauti ya chini, na programu zake zilikuwa safi kuliko nyumba yangu. Mwingine alikuwa Brayo, kijana wa mjini ambaye hata akikaa kimya miguu yake iliongea. Wote wawili walisimama. Wote wawili walikuwa na kitu chekundu.

Nikafungua mashine, nikamwomba Chebet kazi yoyote ndefu. Alinipa ya kupanga magari ya kuchukua maziwa: gari gani lipite wapi, lichukue kwa nani, lifike kiwandani saa ngapi. Nikaiwasha ndani ya kihariri cha Mwalimu na kukaa kitako.

Mistari ya kwanza ilikuja vizuri. Ya katikati ikaanza kuvuta pumzi. Ya mwisho ilipanda kama lori la mzigo linalotoka Mai Mahiu kupanda mlima: unajua linasonga kwa sababu tu mti uliokuwa mbele yake sasa uko nyuma. Karani alisema neno, akanyamaza, akasema lingine.

"Umesikia?" Mwalimu aliuliza, ameinamisha uso. "Ndivyo ninavyosikia siku hizi."

"Mwalimu, mimi sijasikia. Nimeona. Maandishi yenyewe ndiyo yanachelewa."

Aliinua uso. "Yanachelewa wapi?"

"Kwa skrini. Hayajafika. Karani hana cha kusoma."

Ilikuwa miezi mingi sasa, na swali hilo dogo hakuwahi kumuuliza mtu mwenye macho, kwa sababu kuliuliza ni kukiri kwamba yeye hana. Halafu nikamwona anavuta kiti, anakaa, anaikunja mikono ya shati. Nilikuwa sijaiona mikono ile ikikunjwa siku nyingi.

"Haya," akasema. "Nani anamngoja nani?"

Tukaanza kuwatenganisha. Kwanza aliniagiza niiwashe programu ya Chebet peke yake, nje ya kihariri, kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri. Ikaenda taratibu kidogo, lakini kwa mwendo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Haikupanda mlima wowote.

"Stoo ni mzima," akasema. "Mvivu, lakini mzima. Sasa mpe Kaunta kitu kilichokwisha andikwa."

Nikachukua maandishi marefu yaliyokuwa tayari kwenye mashine, nikayapitisha kwenye Kaunta ile ile. Yakamezwa kwa mkupuo. Karani akawaka, kuku wakapiga kelele, na Brayo akacheka kabla hajajizuia.

"Kaunta ni mzima pia," nikasema.

"Wote wazima, kila mmoja akiwa kwao." Mwalimu alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja. "Basi ugonjwa ni wa ndoa. Stoo inaleta mzigo kwa vipande vya ukubwa gani?"

Hilo hatukulijua. Akanielekeza, akitamka na mimi nikiandika, jinsi ya kukifanya kihariri kiweke alama ndogo kila kinapopokea kitu. Nilitarajia alama chache, kwa sababu mashine kwa kawaida hukusanya maneno mengi ndipo iyatume kwa pamoja, kama mtu anayengoja karai lijae. Alama zilijaa ukurasa. Stoo ilikuwa inaleta mstari mmoja mmoja.

"Nati moja moja," Mwalimu akasema. "Nisomee Kaunta. Neno kwa neno."

Nikamsomea. Aliniacha nisome hadi pale panapopokea mzigo, akainua kidole.

"Hapo. Kikija kitu kipya, inaanza kukipanga kutoka wapi?"

"Mwanzo wa ukurasa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Yaani Stoo ikileta nati moja, Kaunta inamwaga zote mezani na kuhesabu upya kutoka ya kwanza? Ikija nyingine, inamwaga tena?" Aligeuza uso upande wangu. "Kama wewe na vikombe vyako! Nani aliandika huu upuuzi?"

Chebet aliangalia sakafu. Nikaona kazi ni yangu.

"Wewe, Mwalimu."

Alicheka mpaka akashika meza. Ndipo akaeleza, kwa Brayo zaidi maana ndiye aliyekuwa amekunja uso. Alipoiandika Kaunta, mzigo ulikuwa unakuja kwa karai moja, wote kwa pamoja. Kuanzia mwanzo hakukuwa na hasara, mwanzo ulikuwa mmoja. Ukija kwa nati moja moja, kila nati inalipishwa kazi ya zote zilizotangulia, na ukurasa ukirefuka ndivyo kazi inavyozidi. Ndio ule mlima.

"Lakini Stoo zamani haikuwa hivi," akasema, na kicheko kikakatika. "Programu za mwaka jana hazikuwa hivi. Nani ameifundisha kuleta moja moja?"

Chini, mtu wa Bwana Spea aligonga chuma.

"Ni mimi, Mwalimu," Chebet akasema.

"Kwa nini?"

"Kuna siku ulisema rudia. Ukasema tena rudia. Halafu tena. Tukaona Karani anakupita. Tukaona si vizuri." Sauti ilizidi kushuka. "Kuna ile faili ya kuandikia majibu ambayo sote tunaitumia. Nikaweka hapo ingoje kidogo baada ya kila mstari, na kila mstari utoke peke yake, ndio usikimbizwe."

"Mimi pia niliongeza ka-sekunde, Mwalimu," Brayo akadakia. "Sikujua ashaweka. Haikuwa kwa ubaya, walai."

"Siku gani niliyosema rudia?"

"Siku ya lori."

"Siku ya lori!" Mwalimu aligonga fimbo sakafuni. "Kulikuwa na lori linapiga honi chini ya dirisha! Nani angesikia kitu? Wewe ulisikia? Mngeniuliza!"

"Mtu anauliza mambo kama hayo?" Chebet alisema.

Aliyasema kwa upole, bila kujua kwamba nimeshayasikia maneno hayo hayo siku hiyo, kibandani kwangu, kutoka kwenye mdomo mwingine. Mwalimu yeye alijua. Nilimwona yakimfikia.

"Heshima gani hii," akasema hatimaye, "inayoingia kwa mtu bila hodi? Mmenitengea kitanda cha mgonjwa, nikakilalia, nikaanza kuumwa kweli. Ningefunga darasa. Ningekaa nyumbani ningoje kufa kwa sababu ya honi ya lori."

Chebet alikuwa analia bila sauti. Machozi yasiyo na sauti, kwa Mwalimu, ni kama hayapo, kwa hiyo nikamwambia: "Mwalimu, Chebet analia."

"Asante kwa kunijulisha," akasema. "Chebet, usilie. Mimi pia sikuuliza. Tulikuwa tunangojana." Akapangusa uso. "Na nyekundu? Bado mnavaa?"

Brayo akaficha kofia yake nyuma, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote.

"Nilijua," Mwalimu akasema. "Hakuna darasa duniani ambalo kila mtu ana nyekundu kila siku. Niliendelea kusema kwa sababu mlionekana mnafurahi."

Bwana Spea alitokea mlangoni na chai, anahema. "Mwalimu, mbona kelele? Umekanyaga difu tena?"

"Njoo, ndugu yangu, njoo ukae," Mwalimu akamnyooshea mkono. "Katika jengo hili lote, wewe peke yako ndiye hujawahi kunionea huruma."

"Kwa nini nikuonee? Unanisumbua na glopu kila siku."

Kutengeneza hakukuchukua muda. Chebet aliondoa ngojangoja zote kwenye ile faili, yake na ya Brayo. Mimi niliona imetosha. Mwalimu alikataa, akataka Kaunta pia irekebishwe: iweke alama pale iliposomea mwisho, na kikija kipya ianzie kwenye alama, isirudi mwanzo. "Kesho atakuja mtu mwingine mwenye heshima zake," alisema. Alitamka mwenyewe, Chebet akaandika.

Tukaiwasha ile programu ya maziwa. Kicheche kikarudi kwa kuku. Karani aliongea kama mtu anayefukuzwa, mimi sikushika hata neno, na katikati ya kelele Mwalimu akainua kidole.

"Hapo. Gari la kwenda Bahati umelipitisha mahali pamoja mara mbili."

Chebet akaangalia. Kweli. Alikuwa amelia, sasa anacheka, na pua ilikuwa haijaamua iwe upande gani.

"Mengine mazuri," Mwalimu akamwambia. "Endelea."

Kuhusu kuuza mashine hakuna aliyeuliza. Nilishuka mikono mitupu, jambo ambalo si kawaida yangu, na kinyozi akanidai habari yote tangu mwanzo.

Baada ya hapo darasa lilikuwa na sheria moja mpya: ukidhani Mwalimu amechelewa, sema kwa sauti. Waliitumia vibaya, bila shaka. Siku nzima ungesikia kutoka juu, "Mwalimu, umechelewa!" naye akinguruma, "Sijachelewa, nafikiri! Jaribuni siku moja!" Nguo nyekundu zilipungua. Siku moja nilipanda nikiwa nimevaa kijani na nikamwambia kabla hajakisia. Akasema kijani hakinifai. Nikamuuliza amejuaje. Akasema amenijua mimi miaka mingi, hakuna rangi inayonifaa.

Siku hizi darasa ni la Chebet. Mwalimu alihamia Bahati, kwenye kijumba chenye ua wa michongoma, na mwaka huu kichwa kilimpiga kweli, kiharusi, bila msaada wa wanafunzi. Kusikia anasikia kama zamani. Karani bado anamsomea kwa kasi ile ile ya kuku. Ila kusema kumekuwa kazi; daktari alieleza kwamba maneno yote yapo, njia ya kutokea ndiyo imekuwa nyembamba.

Aliniandikia kupitia kihariri chake. Ujumbe ulikuwa mfupi: kibodi imechoka, nataka mashine nyingine, chukua hii, bei yake uitoe kwenye ya mpya. Juzi nikafunga kibanda, nikampelekea.

Nilimkuta amekaa nje penye jua. Mama anayemtunza alileta chai na kusimama karibu, mwenye roho nzuri kabisa. Nilipomwekea Mwalimu mashine mpya magotini, aliipapasa kibodi yote, kitufe kwa kitufe, kama alivyopapasa nyanya. Mdomo ukafunguka, haukutoa kitu.

"Anataka kusema asante," yule mama akaniambia.

Mwalimu alifumba macho yake yasiyoona. Uso ule niliujua. Nikamwomba yule mama, kwa adabu, kama anaweza kunipatia sukari zaidi. Alipoingia ndani, nikaikagua ile mashine ya zamani, mara mbili, nikataja nitakachompa kwa hiyo. Ilikuwa bei ya kuanzia. Sikujua nyingine ya kumtajia. Ningemtajia nyingine angejua ninachofanya.

Kwa jirani mtu alikuwa anapasua kuni. Chai yangu ilianza kuweka utando. Nikaangalia shingo yake imekonda, nikaangalia vidole kwenye kibodi, na ulimi wangu ukaanza kusogea wenyewe kutaja bei ya juu zaidi, bila kuombwa, kwa sababu ya huruma tu. Kidogo niwe Chebet.

"Mwalimu," nikasema, "nani anamngoja nani?"

Kona ya mdomo ilipanda. Aliinua mkono, akajigusa kifua, halafu akaninyooshea kidole mimi na kukishusha chini: wewe unaningoja mimi, kaa.

Nikakaa. Yule mama alirudi na sukari, nikamwonyesha kwa macho asiseme, akasimama hapo na kikopo mkononi. Kuni ziliendelea kupasuliwa. Neno lilikuwa linakuja kutoka mbali, nililiona likipanda, taya likisogea, likirudi, likianza tena. Chai yake yeye haikuwa imeguswa; nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuiacha ipoe.

"Ongeza," akasema Mwalimu.